Paa la gari-nyumba: raba, plastiki, faiba au alumini?

Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye yadi ya magari kuukuu hapa Minnesota, nikilizunguka trela la kulala watu sita, nikamuuliza muuzaji swali nililodhani ni la mtu mjanja: "Lina paa la nini?" Akajibu neno moja: "Raba." Nikaridhika, nikalipa, nikalivuta hadi nyumbani. Wiki ya pili nikaazima ngazi kwa jirani na kupanda juu. Raba haikuwa raba, ilikuwa plastiki. Na doa la maji nililolikuta kabatini mwezi mmoja baadaye halikuhusiana na raba wala plastiki. Lilitoka kwenye skrubu moja ya antena.

Tangu hapo kila kiangazi napigiwa simu na Waswahili wenzangu wanaotafuta RV, au gari-nyumba kama ninavyoliita: lile lenye injini yake na lile la kuvutwa, lenye vitanda, jiko na choo ndani. Wote wanauliza nilichouliza mimi. Nawajibu, lakini jibu ni refu, kwa sababu paa bora haliko peke yake. Linategemea limejengwaje, limetobolewa mara ngapi, na nani atapanda juu kulitazama.

Tuanze na ujenzi. Paa la nyumba tunalijua: kenchi, mbao, bati, na maji yanateremka kwenye mteremko. Gari-nyumba halina nafasi ya mteremko. Katika majimbo mengi ya Marekani chombo cha barabarani hakiruhusiwi kuzidi futi 13 na inchi 6 kwenda juu, yaani mita 4.1 hivi, wala mita 2.6 kwa upana. Kila sentimita ya paa lililoinuka inapunguza nafasi ya kusimama ndani. Kwa hiyo paa hukaribia kuwa bapa, likibinuka kidogo tu katikati. Juu ya kenchi nyembamba za mbao au alumini hulazwa plaiwudi, au ubao wa vipande vilivyogandamizwa kwa gundi. Ubao hupakwa gundi, na juu ya gundi hutandazwa ngozi yenyewe, ambayo unene wake ni milimita moja hivi, mara nyingi pungufu.

Halafu nyumba nzima inakimbizwa kilomita 100 kwa saa. Paa linasukumwa na upepo, linajipinda kila gurudumu likiingia shimoni, linachunwa na matawi kwenye njia za kambi. Nyumba ya Tanga au Kisumu ingetendewa hivyo, bati lingeezuka kabla ya kufika stendi.

Sasa hesabu matundu. Kiyoyozi kinakaa juu ya tundu la mraba la inchi 14, kama sentimita 35 na nusu kila upande. Feni ya bafuni ina tundu la kipimo hicho hicho. Kuna dirisha la mwanga juu ya bafu, mabomba ya kupumulia ya choo na ya maji machafu, antena, ngazi ya nyuma. Kama mwenye gari wa kwanza alipenda umeme wa jua, ongeza miguu ya paneli, kila mguu na skrubu zake. Trela langu lina matundu 11, nikiacha skrubu.

Ngozi za raba na plastiki hutengenezwa kwa majora mapana, hata futi 9 na nusu, ili kipande kimoja kifunike paa zima kutoka ukingo hadi ukingo. Maana yake ni kwamba katikati ya ngozi hakuna mshono, na pasipo mshono hakuna pa kuvujia, mpaka tawi litakapochana. Maji huingia pembeni, kwenye kona za mbele na nyuma, na kuzunguka yale matundu.

Watu wa majahazi wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Wana neno lake, kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katikati ya mbao ili maji yasipite. Mvule au msaji, chombo chochote kitazama kalafati ikioza. Nitalitumia neno hilo hapa kwa ule uji mzito unaokauka ukawa kama mpira kuzunguka matundu ya paa, maana ndio utakaoamua kama utalala pakavu.

Raba nyeusi iliyovaa nyeupe

Raba ya kweli ya mapaa haya inaitwa EPDM, kifupi cha ethilini propilini dieni monoma. Pengine huijui kwa jina, lakini umeishika mara nyingi. Raba za milango ya gari, zile zinazozuia vumbi, mara nyingi ni EPDM, na hozi za rejeta pia. Imetumika kwenye mapaa bapa ya maghala na shule za Marekani tangu miaka ya 1960.

Kwa nini hii na si mpira wa mti wa kawaida? Mpira wa mti una bondi maradufu, yaani viungo vya atomi, kwenye uti wake wa kikemia, na ozoni iliyomo hewani huzishambulia bondi hizo mpaka mpira upasuke mipasuko midogo midogo. Uti wa EPDM hauna bondi hizo. Hapo ndipo unapotoka ustahimilivu wake wa jua, baridi na hewa. Ukiikunja kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ambayo hapa kwetu si hadithi, bado ni laini.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. EPDM iliyo imara kuliko zote ni nyeusi, kwa sababu imechanganywa na masizi ya kaboni, yale yale yanayofanya tairi kuwa jeusi, na masizi hayo hunyonya miale ya jua inayoharibu. Paa jeusi juu ya chumba kidogo ni tanuri, hivyo watengenezaji huweka tabaka jeupe juu ya lile jeusi. Tabaka jeupe halina kinga ya masizi. Jua linalila polepole likageuka unga kama wa chaki, na mvua inausomba unga huo ukutani. Ile michirizi myeupe unayoiona ubavuni mwa trela kuukuu ndiyo hiyo. Wengi wakiiona wanadhani gari limekufa. Halijafa. Ngozi inachakaa kama ilivyopangwa ichakae, na itaendelea kukinga maji miaka mingi. Kuwa na wasiwasi siku utakapoanza kuona weusi.

Adui wa EPDM ni mafuta. Petroli, grisi, sabuni zenye mafuta ya machungwa au kiyeyushi cha petroli huifanya ivimbe na kuachana na gundi. Ndiyo maana raba hii haitumiki kwenye mipira ya mafuta ya gari. Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi laini, basi.

Plastiki mbili zinazoitwa raba

Ile niliyouziwa mimi kwa jina la raba ni TPO. Ni polipropilini iliyochanganywa na raba kidogo, ndugu wa karibu wa bampa la gari lako. Gonga bampa, sikia ugumu wake, kisha lifikirie likiwa jembamba kama karatasi nene, utapata picha. TPO ni nyeupe au kijivu kwa unene wake wote, haina tabaka la kupauka kama EPDM, inaakisi jua vizuri, haiwi unga sana, na haichaniki upesi ikiguswa na tawi. Kwa sababu hizo viwanda vingi vimehamia huko. Sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani hutengenezwa katika eneo moja tu, Elkhart, Indiana, mji unaojiita mji mkuu wa RV duniani, kwa hiyo Elkhart ikibadili gundi, bara zima hubadili paa.

Ubaya wake? Ugumu ule ule. Haivutiki kama raba, na kwenye kona za paa, inapolazimika kukunjwa, inabishana na gundi. Kiwandani gundi ikirukwa sehemu, upepo wa barabara kuu huingia chini na kuinua ngozi kama tumbo la chura. Nimewahi kufuata trela la mtu kwa kilomita nyingi likiwa limevimba hivyo, nikimpigia honi, naye akinipungia mkono kwa furaha.

Jambo moja linazifarikisha raba na plastiki kabisa: EPDM imeivishwa kiwandani kama tairi, haiyeyuki tena. TPO huyeyuka ikipashwa moto, ndiyo maana kwenye mapaa ya majengo huunganishwa kwa hewa ya moto na mshono ukawa kitu kimoja. Kwenye gari-nyumba faida hiyo haitumiki sana, kwa kuwa ngozi ni kipande kimoja.

Kuna na PVC, inayozidi kuonekana kwenye magari mapya. Inastahimili mafuta kuliko wenzake wote wawili, na mikahawa huezeka nayo kwa sababu ya moshi wa jiko. Ila ulaini wake umetiwa kwa dawa, na dawa hiyo hutoka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Umeshaona hozi ya bustani iliyokaa juani miaka mingi ikawa ngumu kama fimbo? Hofu ya paa la PVC ni hiyo. Zilizotengenezwa vizuri huchelewa kufika huko.

Yai la Winnipeg

Faiba tunaijua pwani kwa boti. Vitambaa vya nyuzi za kioo hulowekwa utomvu wa kemikali, vikakauka vikawa gamba, na juu yake likapakwa tabaka la kung'aa. Haihofii mafuta, haihofii tawi dogo, na ukiikwangua unaziba kwa kitambaa na utomvu, kama fundi wa boti anavyofanya. Ni nzito zaidi na ghali zaidi. Jua hula tabaka lake la juu likawa na unga na mipasuko kama nywele, kwa hiyo inataka kupakwa nta. Tawi kubwa likianguka, raba hubonyea, faiba hupasuka.

Lakini muuzaji akisema "paa la faiba" muulize ni faiba ya namna gani, maana ziko mbili na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni shiti bapa lililogandishwa juu ya ubao, kingo zake zikachomekwa kwenye mfereji mrefu wa alumini kila upande. Hapo umepata ngozi nzuri na mishono miwili mirefu kama gari zima. Kalafati ya mfereji ikikauka na upepo ukaingia, shiti linaweza kuchomoka na kuezuka barabarani.

Ya pili ni yai. Mwaka 1968, mjini Winnipeg, Kanada, Ray Olecko, aliyekuwa amekwisha kubuni tangi la maji taka la faiba, aliona kwamba gamba jepesi lisilovuja linaweza kukaliwa na watu pia. Trela lake likaitwa Boler. Lilifinyangwa nusu mbili, ya juu na ya chini, zikaunganishwa kiunoni. Tazama mshono ulipokwenda: haupo juu kabisa, upo ubavuni, mahali maji yanapopita bila kutuama. Mabomba na feni bado hutoboa juu, lakini kona, zile kona nne zinazolaza watu kwenye maji, hazipo. Mtindo huo ungali hai. Scamp hutengenezwa Backus, hapa hapa Minnesota, na Casita mjini Rice, Texas. Boler za zamani bado zinauzwa, na ni nadra kuzikuta za bei ya kutupa.

Kwa nini basi si kila gari-nyumba ni yai? Kwa sababu kila umbo linataka kalibu yake, na kalibu ya trela la futi 35 ni mali ya ajabu, na haikuruhusu kubadili ramani ya vyumba kila mwaka. Mayai mengi hubaki madogo, futi 13 hadi 19 hivi. Familia ya watoto wanne hailali humo kwa amani, na mimi nina watoto wanne.

Bati lililotangulia yote

Alumini ndiyo yenye sura inayojulikana zaidi: Airstream, ile risasi ya fedha inayong'aa, iliyoanza mwaka 1936 na trela lililoitwa Clipper. Leo hutengenezwa Jackson Center, Ohio, kwa ufundi wa ndege, shiti juu ya shiti, ribiti juu ya ribiti. Alumini haiozi kama mbao, haichaniki kirahisi na haiwi unga kama raba. Mvua ya mawe huitia mabonde, lakini mabonde hayavuji.

Shida ni ribiti na viungo, vyenye wingi wa kutisha, na joto. Alumini hutanuka sana. Chukua paa la mita 9, toka usiku wa Januari wa nyuzi 30 chini ya sifuri hadi bati lililopigwa na jua la Julai, nyuzi 60. Alumini hiyo inataka kurefuka karibu sentimita 2, wakati mbao chini yake zinataka milimita 4 hivi. Tofauti hiyo hubebwa na skrubu, ribiti na kalafati, kila mwaka, kwenda na kurudi. Ndiyo maana matrela ya bei nafuu ya zamani, yenye bati la alumini juu ya fremu ya mbao, huonekana mazima kwa nje huku mbao zikiwa uji. Na kama mtu alitumia skrubu za chuma cha kawaida, alumini inayozizunguka huliwa pole pole kila ikilowa.

Mtu wa kwetu akiona bati huona usalama, na namwelewa. Kumbuka tu kwamba bati la nyumbani lina mteremko, na linatanuka bila kusafiri.

Sasa kalafati yenyewe

Hapa ndipo aina ya paa inapokuwa na maana kubwa, kuliko kwenye mabishano ya ipi hudumu zaidi. Kila ngozi ina kalafati inayokubaliana nayo. Kwa EPDM na TPO hutumika uji maalumu unaojisawazisha. Ukiumimina kuzunguka bomba, unatambaa wenyewe kama uji wa lishe, unafunika vichwa vya skrubu, kisha unakauka ukiwa laini. Ukiutumia kwenye ukingo wa wima utaukuta asubuhi umedondokea dirishani, kwa hiyo ipo aina nzito ya huko. Chini ya kila fremu ya feni au dirisha hulazwa utepe wa biutili, mweusi au kijivu, unaonata kama ulimbo. Huo ndio kinga halisi, na uji wa juu ni koti lake. Faiba na alumini hupenda kalafati za poliyurethani, zinazoshika kwa nguvu na kuvumilia mtikisiko.

Na silikoni? Kwetu kila kitu cha kuzibia hutolewa kwenye bomba na kuitwa silikoni, kama ambavyo Mmarekani huita kila ngozi raba. Silikoni ya bafuni usiipandishe juu ya raba wala plastiki. Inashika vibaya, na ikishang'oka huacha filamu isiyoonekana inayokataa kushikwa na kalafati nyingine yoyote. Fundi atakayekuja baada yako atatumia siku nzima kukwangua ulichopaka kwa dakika tano. Nasema hivyo nikiwa nimeshakwangua cha mtu mwingine.

Dhamana ya paa jipya kwa kawaida ni miaka 10 hadi 12 au zaidi, na watu hulala usingizi juu yake. Isome. Mara nyingi inaihusu ngozi tu. Kalafati, mbao na dari lililooza ni juu yako, na kitabu cha gari kitakuwa kimekuamuru ukague viungo kila miezi sita, vingine kila siku 90. Usipokagua, huna dai.

Wapo wanaochoka na haya yote na kupulizia paa zima poliyurea, dawa inayokauka kwa sekunde ikawa gamba moja lisilo na mshono, matundu na yote. Ni suluhisho la kweli, kwa maelfu ya dola. Lakini likipulizwa juu ya ubao uliooza, umeuzika ubao ukiwa bado unaoza.

Nipande lini?

Mimi napanda Aprili theluji ikiisha, na Oktoba kabla haijarudi. Oktoba ni muhimu zaidi. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na ufa ambao kiangazi ulipitisha tone, baridi huupanua kwa nguvu ambayo hakuna kalafati inayoibishia. Naweka kipande cha plaiwudi chini ya magoti kugawa uzito, kwa sababu si kila paa linabeba mtu. Ngazi ya nyuma ni ishara tu kwamba huenda linabeba. Natafuta mipasuko, kingo zilizonyanyuka, na kidimbwi karibu na kiyoyozi, maana kiyoyozi kina kilo 40 na zaidi na taratibu hulibonyeza paa. Nikiegesha, nashusha kona moja kidogo ili maji yawe na pa kwenda.

Kama hujui paa lako ni la nini, ondoa ile fremu ya ndani ya feni na utazame ukingo wa ngozi uliokatwa. Nyeusi chini yake kwa kawaida ni EPDM. Nyeupe au kijivu mpaka chini ni TPO au PVC. Faiba na alumini utazijua kwa kugonga.

Siku hizi mtu akinipigia akiwa yadini, simwulizi tena paa ni la nini. Namwambia apande kitandani, afungue kabati la juu la kona ya mbele, aingize mkono mpaka mwisho na abonyeze kwa kidole pale ukuta unapokutana na dari. Mwezi uliopita dada mmoja wa Mombasa alinipigia, muuzaji akiwa pembeni yake anasifia paa la faiba. Nikasikia kabati likifunguka, kisha kimya.

"Kaka," akasema, "kidole kimezama."

Nikamwambia arudi nyumbani.